Smashville: uwanja unaotembea ambao bado unatenda haki

Kati ya viwanja vya Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano, ambavyo havitulii, Smashville ndio tunaoweza kuwapa wachezaji wawili wasiojuana, mechi ya kwanza ya seti (mfululizo wa mechi kati yao), bila wasiwasi wowote. Umejengwa kwa vitu viwili tu: sakafu moja bapa yenye ukingo kila upande, na jukwaa moja dogo linaloelea juu yake, likienda kushoto na kulia mpaka linapita ukingo wenyewe na kuning'inia juu ya shimo. Tathmini hii inauangalia uwanja huo katika toleo la Nintendo Switch, lililotoka tarehe 7 Desemba 2018, ukichezwa kwa sheria za mashindano: mmoja kwa mmoja, roho tatu (nafasi tatu za uhai kwa kila mchezaji), dakika saba, bila silaha za kuokota.

Anayetoka kwenye gemu nyingine ya mapigano kama Street Fighter anaweza kushangaa kwa nini sakafu inajadiliwa namna hii. Katika Smash hakuna mstari wa uhai unaopungua. Kila pigo huongeza asilimia, na asilimia ikipanda mwili unarushwa mbali zaidi. Roho hupotea mhusika anapovuka mpaka usioonekana wa kulia, kushoto, juu au chini. Kwa hiyo mahali ulipopigiwa pana uzito sawa na pigo lenyewe. Pigo linalokumaliza ukiwa karibu na ukingo laweza kukuacha hai ukiwa katikati, kwa asilimia ile ile. Jukwaa linalokubeba hatua chache kuelekea mpaka linabadilisha hesabu nzima ya nani anakufa lini, na ndiyo maana wachezaji hubishana kuhusu viwanja kwa ukali kuliko wanavyobishana kuhusu wahusika.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuzima hatari za uwanja kwenye menyu ya sheria. Swichi hiyo ni moja kwa viwanja vyote. Huwezi kuizima kwa uwanja mmoja na kuuacha mwingine uendelee. Ikizimwa, Pokémon Stadium 2 haibadiliki umbo, Lylat Cruise haiinami tena, na Smashville inapoteza puto lililokuwa likipita hewani katikati ya pambano. Lakini jukwaa linaendelea kutembea. Hapo watengenezaji wenyewe wametoa hukumu: puto ni bughudha, jukwaa ni sehemu ya uwanja. Tunakubaliana nao kabisa.

Sababu ya kukubaliana ni kwamba mwendo wa jukwaa hauna bahati nasibu. Njia ni moja, kasi haibadiliki, na linapofika mwisho linarudi lilikotoka. Halimfuati mtu, haliharakishi, haliinuki wala kushuka. Mchezaji akilitupia jicho mara moja anajua litakuwa wapi sekunde chache zijazo, na mpinzani wake anajua vilevile. Taarifa ni moja kwa wote wawili. Kinachobaki ni nani anaitumia vizuri, na hicho ndicho kipimo halali cha mashindano.

Matumizi yenyewe ndiyo yenye utamu, kwa sababu Smashville ni kama viwanja vitatu vinavyopokezana. Jukwaa likiwa katikati, nyote mnapata paa la kujificha, la kutulia, la kuanzishia shambulio kutoka juu. Likielekea upande mmoja, nusu nzima ya sakafu upande wa pili inabaki wazi kama Final Destination, uwanja bapa usio na jukwaa lolote. Likivuka ukingo, panazaliwa mahali pa tatu ambapo hapapo kwenye uwanja wowote uliosimama: sakafu ya kukanyaga nje ya sakafu.

Mahali hapo pa tatu ndipo roho nyingi hupotelea. Chukua mhusika Ness. Mrusho wake wa nyuma ni miongoni mwa mirusho yenye nguvu zaidi kwenye gemu, na kila mtu anajua kutokamatwa naye akiwa ameupa ukingo mgongo. Sasa mpe jukwaa lililovuka ukingo: anakurusha akiwa tayari nje ya sakafu, na umbali uliobaki hadi mpaka wa pembeni umepungua kwa urefu wa jukwaa zima. Asilimia uliyozoea kuihesabu kuwa salama si salama tena. Donkey Kong naye anaweza kukukamata, akakubeba begani na kuruka nawe, hivyo hata ukikamatwa chini anaweza kukupandisha mwenyewe juu ya jukwaa na kukurushia kutoka huko. Kwa wahusika wanaoua kwenda juu hesabu ni ile ile, ila kwa dari: pigo linaloanzia juu ya jukwaa limeshapunguza sehemu ya safari.

Kinga yake ni rahisi kueleza, ngumu kuishika mechi ikipamba moto: usisimame na ngao juu ya jukwaa linaloelekea nje. Ngao inazuia mapigo, haizuii kukamatwa, na juu ya jukwaa jembamba huna pa kurudi nyuma. Zaidi ya hapo, pigo zito kwenye ngao linakusukuma. Kwenye sakafu unateleza kidogo na kubaki chini. Kwenye jukwaa unaweza kusukumwa hadi ukadondoka pembeni, ukajikuta hewani, nje ya uwanja, mpinzani akikungojea juu. Jukwaa likikaribia ukingo na wewe uko juu yake, amua mapema. Shuka kwa kubonyeza fimbo chini, au ruka kurudi ndani. Kila mhusika huchukua fremu 3 kabla miguu haijaachana na ardhi, na gemu inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, kwa hiyo kuruka ni haraka. Kinachochelewa ni uamuzi.

Upande wa pili wa sarafu ni uokoaji. Mhusika akitua popote anarudishiwa mruko wake wa hewani na shambulio lake la kupanda. Little Mac ni mkali kwenye ardhi lakini akitupwa nje ana njia chache mno za kurudi. Jukwaa likiwa limening'inia upande ule aliotupwa, anaweza kulifikia, akakanyaga, akaanza upya roho ambayo ingekuwa imekwisha. Wapinzani wa Smashville hushikilia hoja hii: wanasema uhai wa mtu haupaswi kutegemea jukwaa lilikuwa wapi alipopigwa.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inamsahau mpigaji. Aliyerusha alikuwa na macho. Aliliona jukwaa likienda kulia, na bado akamtupa Little Mac kulia. Mchezaji makini hugeuza mrusho: akishamkamata mpinzani, anamtupa upande usio na jukwaa hata kama upande huo uko mbali kidogo na ukingo, au anasubiri jukwaa ligeuke kabla ya kutafuta pigo la mwisho. Na kama ametupa upande wenye jukwaa, analipanda yeye kwanza na kulifanya kituo cha ulinzi. Anayerudi hawezi kutua mahali palipokaliwa bila kulipa. Tukio moja linaweza kuonekana la bahati, ndiyo, lakini ukilitazama katika seti nzima utaona ni yule yule anayelisoma jukwaa ndiye anayenufaika nalo mara nyingi.

Kuhusu wapiga makombora, Smashville iko katikati. Samus au Link wanapenda nafasi ndefu isiyo na vizuizi. Jukwaa likiwa mbali wanaipata. Likiwa katikati mpinzani anapanda juu, anapita juu ya kombora, anashuka karibu. Hakuna upande unaoridhika moja kwa moja. Sakafu pia ni fupi kuliko ya Final Destination, hivyo anayekimbia hafiki mbali kabla ukingo haujamzuia.

Makosa tunayoyaona kwa wanaouanza uwanja huu yanafanana. Kubwa ni kutua bila kukusudia. Unashuka na shambulio la hewani ulilolipima liishie karibu na sakafu, jukwaa linateleza chini ya miguu yako, unatua nusu ya njia na shambulio linakatika kabla halijapiga. Unabaki umekwama katika mkao wa kutua, juu ya jukwaa, mpinzani yuko chini yako na pigo la kwenda juu liko tayari. Dawa yake ni kushikilia fimbo chini mapema ukiwa unashuka, ili upite katikati ya jukwaa badala ya kulikanyaga. Kosa la pili ni kumfuata mtu aliyelala juu ya jukwaa bila kuangalia linakokwenda: unamfikia hasa linapovuka ukingo, na yeye akiinuka na kukukwepa, wewe ndiye uliyebaki nje. La tatu ni kusahau kwamba jukwaa lina mwisho wa safari. Wengi huruka wakilifuata likiwa linaondoka, wakati lingewafuata lenyewe sekunde chache baadaye.

Kulizoea, ingia hali ya mazoezi, chagua Smashville, punguza kasi ya gemu, na uwashe mistari inayoonyesha mpinzani ataruka kuelekea wapi. Jaribu mrusho mmoja katika sehemu nne: katikati ya sakafu, kwenye ukingo, juu ya jukwaa likiwa katikati, na juu ya jukwaa likiwa limevuka nje. Andika asilimia ambayo mrusho unaua kila mahali kwa mhusika mwepesi na kwa mzito. Tofauti kati ya namba ya pili na ya nne ndiyo thamani halisi ya jukwaa kwa mhusika wako, na wapo ambao tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba hawana haja ya kuhatarisha kupanda.

Je, uwanja unaosogea unaweza kweli kuwa wa haki? Historia ya mchezo huu imejibu kwa mifano. Melee, toleo la awali la mwaka 2001, ilikuwa na Rainbow Cruise, uwanja unaokusukuma usafiri nao kutoka kwenye merikebu hadi kwenye majukwaa ya angani. Miaka ya mwanzo uliruhusiwa kwenye mashindano, baadaye ukaondolewa, na sababu haikuwa kwamba unatembea. Sababu ni kwamba uwanja ndio uliokuwa ukiamua lini mpigane. Mhusika mwenye miruko mirefu na kasi alifika mbele na kungoja. Mzito alikuwa akipanda ngazi huku akipigwa. Poké Floats, uwanja mwingine wa Melee, ilikuwa na tatizo hilo hilo. Uwanja wa Brinstar nao ulikuwa na tindikali inayopanda kutoka chini na kuwaingilia wote wawili katikati ya mazungumzo yao ya ngumi.

Pokémon Stadium ya Melee ni mfano mgumu zaidi, kwa sababu ilibaki kwenye orodha. Uwanja unabadilika kuwa maumbo manne, na mpangilio wake huja kwa bahati. Umbo la mawe linaweka ukuta na mlima upande mmoja, na wachezaji wengi wa ngazi ya juu waliishia kusimama tu, kila mmoja upande wake, wakisubiri mawe yaondoke. Uwanja unaowafanya wapiganaji wasimame umeshindwa kazi yake, haijalishi unapendwa kiasi gani. Fountain of Dreams nayo ina majukwaa mawili yanayopanda na kushuka kwa bahati, lakini inavumilika kwa kuwa badiliko ni la kimo tu na halimtupi mtu nje. Na kwenye Yoshi's Story ya Melee kuna wingu, ambalo mashabiki wanaliita Randall, linaloingia na kutoka kuzunguka uwanja kwa mzunguko wa sekunde 20. Linaenda na saa ya mechi, kwa hiyo anayeisoma saa anajua wingu liko wapi hata likiwa limefichika. Randall ameokoa roho za watu kwenye mechi kubwa, na wachezaji waliobobea wamejifunza namba zake kwa moyo badala ya kulalamika.

Kutokana na hayo, tunaupima uwanja wowote unaosogea kwa maswali matatu: mwendo wake unatabirika? Wote wawili wanauona kwa pamoja? Na je, mchezaji asiyetaka kuushiriki anaweza kuuacha? Rainbow Cruise inaanguka kwenye la tatu. Pokémon Stadium ya Melee inayumba kwenye la kwanza. Smashville inapita yote. Hili la mwisho hasa, kwa sababu unaweza kucheza mechi nzima chini bila kukanyaga jukwaa hata mara moja, na sakafu haikudai chochote.

Wapo wanaosema jibu ni kuondoa mwendo wote na kupigania sakafu tupu. Hilo lilishajaribiwa. Smash ya 3DS na Wii U, mwaka 2014, ilikuwa na hali ya mtandaoni iliyoitwa For Glory ambayo ilitumia maumbo bapa peke yake, yote yakiwa kama Final Destination. Matokeo yake Little Mac, ambaye nguvu zake zote ziko ardhini, akawa kero ya kudumu, kwa sababu hapakuwa na jukwaa la kumtoroka. Uwanja uliosimama una upendeleo wake. Tofauti ni kwamba upendeleo huo hauonekani ukitembea.

Town and City, ndugu wa Smashville kutoka ulimwengu ule ule wa Animal Crossing, ni mzuri lakini tunauweka ngazi moja chini. Majukwaa yake ni zaidi ya moja na mpangilio wake hubadilika mechi ikiendelea, hivyo lazima ukumbuke awamu uliyomo pamoja na mahali jukwaa lilipo. Kwa mchezaji mzoefu hilo si tatizo. Kwa mashindano ya mtaa yenye wageni wengi, tungeanza na Smashville.

Waandaaji wenye orodha ya viwanja vitano vya kuanzia, kwa mfano Battlefield, Final Destination, Pokémon Stadium 2, Town and City na Smashville, watumie ufutaji (kuondoa viwanja kwa zamu) wa moja, mbili, moja: aliyeshinda mkasi-jiwe-karatasi anafuta kiwanja kimoja, mwenzake anafuta viwili, wa kwanza anafuta kimoja kati ya viwili vilivyobaki, na kinachosalia ndicho kinachochezwa. Baada ya mechi ya kwanza, mshindi anafuta viwanja kadhaa, aliyeshindwa anachagua kati ya vilivyobaki, kisha mshindi anataja mhusika wake kabla ya mwenzake. Mpangilio huu wa mwisho usigeuzwe. Aliyeshindwa akitaja mhusika kwanza, faida yake ya kuchagua uwanja inapungua mno.

Sheria nyingine zinazosahaulika: kusimamisha mechi kuzimwe, kwa kuwa kidole kikiteleza kwenye kitufe hicho wakati jukwaa liko nje, mtu anapoteza roho na ugomvi unaanza. Mita ya Final Smash (shambulio kuu la mhusika) izimwe, Spirits (roho za msaada, si roho za uhai) zizimwe, kubadilika kwa uwanja katikati ya mechi kuzimwe, na kiwango cha kurusha kibaki 1.0. Smashville ipo tangu mwanzo kwenye gemu ya msingi, haihitaji kufunguliwa wala kununuliwa zaidi, kwa hiyo kila konsoli mtakayokusanya itakuwa nayo.

Mandhari ya nyuma hufuata saa ya konsoli, mchana kwa mchana na usiku kwa usiku. Haiathiri chochote kwenye pambano, na rangi zake hazimfichi mhusika wala jukwaa. Hilo la pili ni muhimu kuliko linavyosikika, maana viwanja vingine vyenye mandhari yenye vurugu huchosha macho katika seti ndefu.

Dosari halisi tuliyo nayo ni ya mtandaoni. Ultimate huunganisha wachezaji moja kwa moja na kuchelewesha vitufe ili mashine mbili ziende sambamba. Ucheleweshaji huo haulidhuru jukwaa lenyewe, lakini unawadhuru wanaojaribu kulitua au kulipita kwa usahihi: fimbo uliyoibonyeza chini inafanya kazi ukiwa tayari umekanyaga. Kwenye sakafu bapa kosa hilo halina pa kutokea. Tumia waya wa LAN. Kituo cha kuwekea konsoli (dock) cha Switch OLED kina tundu lake, cha Switch ya zamani kinahitaji adapta ya USB. Mkiwa mbali sana na muunganisho unakwama, futa Smashville mapema na uende Pokémon Stadium 2, ambako majukwaa mawili yametulia.

Kwa upande wa kufuta ana kwa ana, ushauri wetu ni huu. Ukiwa na mhusika wa makombora, usiifute Smashville. Ukikutana na Ness au Donkey Kong na hujafanya zoezi la sehemu nne tulilolieleza, ifute. Ukiwa na Little Mac, chagua Final Destination kwanza, na kama imefutwa, Smashville ndiyo inayofuata: ina jukwaa moja tu la mpinzani kukukimbilia, na mara nyingine litakuwa upande wako ukitupwa nje.